Mwewe kwenye barua ya ofisi

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kampuni moja hapa Dar, ambayo hunipa kazi za kufasiri mara mbili tatu kwa mwaka, ilitaka tangazo lake kwa wafanyakazi ligeuzwe Kiswahili kabla ya saa kumi jioni, ili kesho yake asubuhi libandikwe kwenye ubao wa getini. Mikataba ya vibarua wa ghalani ilikuwa inasitishwa. Sentensi ya tatu ilisema uongozi umeona ni heri jambo hilo limalizwe "in one fell swoop" kuliko kuwapunguza watu mmoja mmoja huku waliobaki wakiishi roho mkononi.

Nikaandika "kwa mpigo mmoja", nikapitia mara moja, nikatuma. Mfasiri anayelipwa kwa ukurasa hana nafasi ya kukaa na neno moja akilitafuna kama karanga. Lakini usiku, taa zimeshazimwa, lile "fell" likanirudia. "Fell" ninayoijua mimi tangu shule ya msingi ni ya kuanguka. Mpigo ulioanguka ni mpigo gani? Nikainuka, nikawasha kompyuta.

Kumbe ni neno jingine kabisa, kivumishi cha zamani chenye maana ya katili, cha kuua, ndugu wa damu wa "felon", yaani mhalifu wa kosa kubwa. Katika Kiingereza cha kila siku lilikwisha kufa, likabaki ndani ya msemo huu tu, kama mdudu ndani ya sandarusi. Na "swoop" ni ule mshuko wa ndege anayewinda. Msemo mzima unatoka kwenye Macbeth, tamthilia aliyoiandika Shakespeare mnamo 1606, sehemu ya nne, onyesho la tatu. Nikaisoma palepale, saa saba usiku, na tangu hapo sijaiandika tena "kwa mpigo mmoja" bila mkono kusita.

Hali ni hii. Macduff, bwana mmoja wa Uskoti, amekimbilia Uingereza kumkwepa Macbeth, aliyemuua mfalme akakikalia kiti chake. Mke na watoto amewaacha nyumbani. Anafika ndugu yao Ross kutoka huko. Macduff anamuuliza: mke wangu hajambo? Hajambo. Na wanangu wote? Nao hawajambo. Yule dhalimu hajaivunja amani yao? La, mimi nimeondoka nikawaacha katika amani.

Katika amani! Kwetu mtu hahitaji mwalimu wa fasihi kumweleza Ross anafanya nini hapo. Baba yangu alipofariki, mjomba alinipigia simu akasema mzee hali yake si nzuri sana, njoo, na usije peke yako. Nilikuwa kwenye basi, tumefika Chalinze, watu wanauza mahindi ya kuchoma madirishani, ndipo ile "usije peke yako" iliponiingia. Msiba hauletwi mlangoni moja kwa moja. Huzungushwa, huwekwa mbali, husogezwa kidogo kidogo. Kumbe na mtu wa London wa miaka mia nne iliyopita alilijua hilo, na akaliweka jukwaani mbele ya watu ambao tayari wamekwisha kumwona mtoto wa Macduff akiuawa katika onyesho lililotangulia. Wote ukumbini wanajua, isipokuwa baba.

Mwishowe Ross anasema. Ngome imevamiwa, mkeo na watoto wamechinjwa. Macduff anashusha kofia usoni; tunajua kwa sababu Malcolm, mwana wa yule mfalme aliyeuawa, aliye karibu naye, anamwambia asiifunike sura yake, aipe huzuni maneno. Anauliza: wanangu pia? Na mke wangu? Anajibiwa, anauliza tena. Wote? Umesema wote? Ewe mwewe wa jehanamu! Wote? Vifaranga wangu wote wazuri pamoja na koo wao, kwa mshuko mmoja wa kikatili?

Hapo nilicheka kidogo kwa furaha ya kazi, Mungu anisamehe, kwa sababu Kiingereza kinasema "dam", yaani mama wa mnyama, na sisi tunalo neno lake kamili: koo. Kuku aliyekwisha taga, akaatamia, akalea. Anayejua kuku hatakwambia "mama kuku".

Kwa bibi yangu, Matombo, mwewe alikuwa jambo la kila wiki. Kwanza huoni ndege, unaona kivuli kinateleza uwanjani. Koo hutoa mlio mmoja mfupi, tofauti kabisa na ule wa kuita chakula, na vifaranga waliokuwa wametapakaa hupotea chini ya mbawa zake kama maji yanavyoingia mchangani. Bibi alikuwa anatoka jikoni na sufuria na mwiko, anapiga kelele za kumtukana mwewe kwa jina la ukoo wake, ukoo ambao nadhani alimtungia mwenyewe. Mwaka mmoja aliwapaka vifaranga wote rangi ya zambarau, akisema mwewe hali asichokijua. Walibaki zambarau mpaka manyoya yalipobadilika. Wengine walichukuliwa hivyo hivyo.

Ila mwewe huchukua mmoja. Anashuka, ananyakua mmoja, anaondoka, na koo anabaki anazunguka akihesabu. Sijapata kuona mwewe aliyebeba kizazi kizima na koo juu yake. Ndiyo maana Macduff anarudia "wote?" kama aliyepotewa na lugha. Huyu si mwewe wa Matombo wala wa Uskoti, ni wa jehanamu, kwa sababu wa kawaida ana kiasi. Na msemo huo, uliotoka kinywani mwa baba aliyefutiwa nyumba nzima, ndio uliotumika kwenye barua yangu kama dalili ya huruma: tuwaachishe wote siku moja, wasiteseke kwa kusubiri.

Simlaumu sana aliyeandika. Bila shaka hajawahi kufuga kuku.

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugonjwa. Msemo wa Kiingereza ukipita mezani kwangu, naufuatilia mpaka jukwaani, nikimtafuta mtu aliyeusema kwanza na aliyekuwa akisemezwa. Mingi inaishia kwa Shakespeare, ingawa hapa inabidi kusema polepole. Baadhi alitunga, mingine aliiokota mitaani kama tunavyookota sisi za kwenye kanga na daladala, na tukampa sifa yeye kwa kuwa maandishi yake ndiyo yaliyohifadhiwa. Na kuhifadhiwa kwenyewe kulikuwa kwa bahati. Alifariki 1616. Miaka saba baadaye, 1623, waigizaji wawili wa kundi lake, Heminges na Condell, walikusanya tamthilia 36 katika kitabu kimoja kikubwa, na karibu nusu yake hazikuwa zimepata kuchapishwa kabla. Macbeth ni mojawapo. Kama wale wawili wangeona kazi ni kubwa mno, mwewe angepotea na karatasi za jukwaani.

Ninayempenda zaidi katika upelelezi wangu ni Polonius wa kwenye Hamlet. Waingereza wakitaka kumsifu msemaji mfupi husema "brevity is the soul of wit", kwamba ufupi ndio roho ya maneno ya busara. Nimeukuta kwenye mwongozo wa kuandika barua za kiofisi. Sasa angalia nani anausema. Ni mshauri mzee wa mfalme, bingwa wa maneno mengi katika ile ikulu, anayekuja kuwaambia mfalme na malkia kwamba mtoto wao ana wazimu. Anaanza kwa kueleza kwamba hataeleza kwa nini usiku ni usiku na mchana ni mchana, maana huko ni kupoteza usiku na mchana. Kisha anasema kwa kuwa ufupi ni roho ya busara, yeye atakuwa mfupi. Kisha anaendelea, mpaka malkia anamkatiza: leta habari yenyewe, punguza ufundi.

Huyu ni yule mzee wa harusini anayepewa kipaza sauti na kusema, "Ndugu zangu, mimi sina mengi." Pilau linapoa. Mshereheshaji anakohoa. Dakika ya ishirini ndio kwanza ametufikisha kwenye utoto wa bwana harusi. Kama ningepewa Hamlet niifasiri, Polonius ningempa "sina mengi" bila kufikiri mara mbili, na ukumbi ungecheka kabla hajamaliza.

Kuna wa kutisha pia. Mtu asiyeficha hisia zake, Waingereza humwambia kwamba ameuvaa moyo wake kwenye mkono wa shati. Ni sifa, husemwa juu ya mtu mkweli, mwenye mapenzi ya wazi. Aliyeisema ni Iago, mwongo kuliko wote waliopata kupanda jukwaani, tena ameisema kueleza asichokusudia kufanya. Katika onyesho la kwanza kabisa la Othello anamwambia mwenzake kwamba siku sura yake ya nje itakapoonyesha kilicho ndani, basi haitapita muda atauvaa moyo wake mkononi ili kunguru waudonoe. Kunguru hao wamekatwa na kuachwa njiani. Msemo umebaki na mkono wa shati tu, msafi. Mimi ninayekaa mtaa ambao kunguru wanaiba mpaka sabuni dirishani, nawarudisha kichwani kila ninapousikia.

Halafu kuna misemo ambayo haikutoka kwenye mdomo wa mhusika yeyote, ilitoka nyuma ya pazia. "Kuniibia radi", wanasema, mtu akikuwahi kutoa habari uliyoitayarisha wewe. Sisi tungesema kanizima, au kanifunika. Kisa chake kimesimuliwa tangu karne ya 18: mwaka 1709 John Dennis alipeleka tamthilia yake Appius and Virginia katika jumba la Drury Lane, London, na kwa ajili yake akabuni namna mpya ya kutoa ngurumo. Tamthilia ikaanguka mapema, ikaondolewa. Muda si mrefu yeye mwenyewe kakaa ukumbini anatazama Macbeth, anasikia radi yake inanguruma juu ya wachawi wa mwenzake. Akainuka akafoka kwamba tamthilia yangu mmeikataa, lakini radi yangu mnaitumia. Namwelewa. Shuleni, katika mchezo wa kuaga kidato cha nne, mimi nilikuwa radi. Nilisimama nyuma ya shuka na kipande cha bati la paa nikakitikisa mpaka kikanichana kidole gumba. Kovu ninalo. Walioshangiliwa ni waliokuwa mbele ya shuka.

Si yote ya Shakespeare wala ya zamani hivyo. Roboti tumeipata kwa Karel Čapek wa Prague, kwenye tamthilia R.U.R. ya 1920, na ndugu yake Josef ndiye aliyempa jina, kutoka neno la Kicheki la kazi ya kulazimishwa ya watwana. Watu wa pwani wana neno lake hasa: shokoa. Kila ninapoandika "roboti" najisikia kama nimeacha kitu.

Lakini unaonifanya nikose usingizi kwa sasa ni ule wa vijana wa mitandaoni. "Ananigaslight", yaani ananifanya nizitilie shaka akili zangu mwenyewe. Ukiingia kwenye kundi lolote la mapenzi la Dar au Nairobi, ndani ya nusu saa utaukuta, umevalishwa viambishi vyetu kama ulizaliwa Kariakoo. Mwaka 2022 kamusi ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka. Asili yake ni tamthilia ya Patrick Hamilton, Gas Light, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1938, ingawa watu wengi waliijua kwa filamu yake ya 1944.

Wengi huamini kwamba mume kwenye kisa hicho alikuwa akipunguza taa makusudi, kisha anamwambia mke hazijapungua, ili amtie wazimu. Kweli, Bwana Manningham anamtia wazimu Bella. Anaficha vitu vidogo vidogo, anamwambia wewe ndiye umevipoteza, anamkumbusha kwamba mama yake alikufa na akili zimeruka. Ila taa ni habari nyingine. Kila jioni bwana huaga kwamba anatoka. Dakika chache baadaye mwali wa gesi chumbani unashuka. Usiku, muda mfupi kabla hajarudi, unapanda. Bella anaona, na hathubutu kumwambia mtu, akidhani ndio ule wazimu wa mama.

Kinachotokea ni suala la bomba. Bwana anazunguka kwa nyuma, anaingia ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo, iliyofungwa, kutafuta vito vya bibi kizee aliyemuua humo miaka mingi nyuma. Anawasha taa ya gesi huko juu ili aone. Gesi inagawanyika, na ya chini inafifia. Anayekaa nyumba ya kupanga yenye tangi moja anaijua fizikia hiyo vizuri sana: uko bafuni na povu kichwani, bomba linakonda ghafla, unasema, "Aha, wa chini karudi kazini." Hukumwona, hukumsikia, lakini maji yamekwambia.

Kwa hiyo ile taa inayofifia ilikuwa shahidi wa Bella. Mume hakuikusudia na wala hakuifikiria. Katika nyumba nzima ya uongo, taa ndiyo peke yake iliyokuwa inasema kweli, na mpelelezi mzee aliyestaafu alipofika na kumuuliza ameona nini, ilikuwa ndiyo ya kwanza kumsafisha akili. Kisha tukaja sisi tukachukua jina la shahidi tukampa mshtakiwa.

Kwenye Kiswahili chenyewe mlango wa jukwaa hilo ulifunguliwa na watu wachache, katika miaka michache. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa hajamaliza hata mwaka wake wa kwanza wa urais au ameumaliza juzi juzi. Ikatolewa upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice. Samuel Mushi alikuwa ametoa Makbeth 1968, kisha Tufani 1969. Nikikumbuka kwamba kati ya hizo nne, tatu zilisalimika kwa sababu ya kile kitabu cha 1623 peke yake, naona kama tumepokea kikombe kilichokwisha pita mikono ya kutetemeka.

Neno "mabepari" limeandikwa mengi na wasomi, kwa kuwa Kiingereza kilisema mfanyabiashara tu, mmoja, na Azimio la Arusha lilikuwa na miaka miwili. Mimi ninachokwenda kutafuta mle ni ratili ya nyama, ratili ikiwa kipimo cha zamani cha karibu nusu kilo. Waingereza humwambia mdai asiye na huruma kwamba anataka ratili yake ya nyama. Antonio amedhaminia mkopo wa dukati elfu tatu kwa miezi mitatu. Akishindwa kulipa, mkopeshaji, Shylock, atamkata ratili moja ya nyama mwilini. Muda unapita, kisu kinanolewa mahakamani mbele ya watu. Portia, aliyejivika uwakili, anasema nyama ni haki yako, kata. Ila mkataba hautaji damu. Tone moja likidondoka, mali yako yote inataifishwa.

Sasa tembea Manzese au Mbagala uulize jina la ile mikopo ya riba ya wiki, inayochukuliwa na mama ntilie asubuhi na kumtoa kitandani usiku. Inaitwa kausha damu. Hakuna aliyeipeleka Shakespeare kule. Watu waliona wenyewe kile ambacho Portia alikiona, kwamba nyama haikatwi bila damu, na jina wakaliweka mahali penyewe. Hapa ndipo ningemwambia mfasiri mwenzangu aache ratili ilale kabatini.

Hela yangu ya ile barua ya ukurasa mmoja ilichelewa wiki sita. Simu zilipokelewa kwa adabu, na kila mara aliyetakiwa kusaini alikuwa kwenye kikao. Mwishowe nikaenda mwenyewe. Ubao wa getini ulikuwa mtupu, pini nne tu, na mlinzi ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee. Pamekuwa kimya hapa."

"Marahaba, mwanangu. Si waliondoka wale wa ghalani."

Akanisimulia siku ya tangazo bila mimi kumuuliza, wala hakujua nimefuata nini. Anasema watu walijaa ubaoni saa moja asubuhi, wengine hawana miwani, wengine kusoma si kwao, ikabidi kijana mmoja asome kwa sauti. Akasoma vizuri, mpaka chini, mpaka jina la aliyesaini. Pakawa kimya. Kisha mtu wa nyuma kabisa, ambaye pengine hakusikia vizuri, akauliza, "Wote?"

Kijana akarudi juu ya karatasi akatafuta kwa kidole.

"Wote," akasema.